Jina Mgongoni mwa Ovaroli

Mume wangu alikuwa kibarua katika maghala ya Changamwe, na huko kitu kisicho na jina hakina mwenyewe. Ukivua buti ukapumzike, ukirudi huzioni. Kwa hiyo aliandika jina lake kwa wino mzito mgongoni mwa ovaroli, kwenye buti, hata chini ya kikombe cha chai. Nilikuwa nikimtania kwamba bado mimi tu kuandikwa.

Mwalimu wa chekechea alipotuagiza wazazi tuwasomee watoto nyumbani, nilikasirika. Tusome nini? Nyumba nzima ilikuwa na Biblia moja, herufi zake ndogo kama sisimizi. Mume wangu hakulalamika. Yeye aliishia darasa la tatu, na aliijua aibu ya kupewa karatasi mbele za watu ukabaki kuigeuzageuza. Hakutaka binti yetu aionje. Jioni akirudi kazini alichuchumaa mlangoni, akampa mtoto mgongo. Mtoto alifuata herufi kwa kidole, moja moja, na baba akizitaja. Wakimaliza alimwambia maneno yale yale: "Palipo na jina, mwenyewe hurudi kuchukua chake."

Aliugua ghafla, na kabla hatujaujua ugonjwa wenyewe, tukampoteza.

Tulimzika kwao, Kaloleni. Huko mtoto ndiye hutangulia jeneza akibeba msalaba, na sisi tulijaliwa huyo mmoja tu. Fundi aliuleta asubuhi ile ile, rangi haijakauka sawasawa. Katika pilikapilika zile hakuna aliyekumbuka kwamba mtoto alikuwa akifundishwa kusoma.

Alipokabidhiwa msalaba, aliulaza chini. Akapitisha kidole juu ya herufi, akizitaja mwenyewe, mpaka ya mwisho. Hiyo ndiyo mara yake ya kwanza kusoma bila baba yake. Akaniangalia akitabasamu, kidole kimejaa rangi.

"Mama, ni jina la baba."

Nikamwambia ndiyo, amesoma vizuri. Sijui nilipata wapi nguvu ya kulisema hilo. Akaubeba, akatangulia, akiwa ameinua kichwa.

Jioni, gari la kuturudisha Changamwe lilipowashwa, alikataa kupanda. Shangazi yake alimbembeleza, akashindwa. Nilimkuta ameketi kando ya kaburi, mkono juu ya msalaba.

"Tumngoje kidogo, mama," akaniambia. "Jina lipo."