Muhogo Wenye Moyo na Saa Yangu

Saa hii sikuinunua mie. Kaninunulia mwanangu wa kiume, ile ya rahisi inayofanana na za bei, mkanda wake wa mpira mweusi, kioo kipana kama biskuti. Alikuja nayo wiki ile niloanguka jikoni. Presha ilinishuka, nikashika meza, baada ya hapo sikumbuki kitu. Alonikuta chini ni yeye. Kagonga mlango, kaona kimya, kazungukia nyuma. Alichokiona hajanisimulia mpaka leo, lakini tangu siku ile akawa hana maneno mengine ila haya: mama, funga nyumba, uje kwangu Mabela.

Mabela kajenga. Chumba changu kipo, choo chake ndani, kiyoyozi kipya, sina la kukitia ila. Lakini mie kwangu Wattaya, nyumba alonijengea marehemu mume wangu, na jirani zangu nawajua hata kwa kikohozi. Baada ya alasiri wanakuja wanawake wenzangu, tunakunywa kahawa, tunasutana, wanakwenda zao. Mabela nani atanijia? Nitakaa kitandani nisikilize mke wa mtu anapika, na kumwingilia jikoni mwake siwezi, kwa sababu na mie sikupenda kuingiliwa.

Tuligombana sana. Mwisho tukapatana: mie nikae kwangu, na saa ikae mkononi mwangu usiku na mchana, ipeleke mapigo ya moyo wangu kwenye simu yake.

"Siku nikifungua simu nisione mapigo, mama, nakuja na gari la mizigo. Siulizi."

"Haya," nikamwambia. Nshasema haya, basi.

Kuishi na saa ile si jambo dogo. Nikikaa kitako kidogo inatetemeka, eti niinuke. Mtu nimezaa, nimelea, nimezika mume, leo naamrishwa na mpira! Na udhu je? Maji lazima yafike chini ya mkanda, basi kila sala naivua, naiweka juu ya sinki, nasali, naisahau. Simu inalia.

"Mama, uko wapi? Sioni kitu huku!"

"Nilikuwa mbele ya Mola wangu. We ulitaka niwe wapi?"

Siku moja nilikuwa natayarisha muhogo wa nazi. Nikavua saa nisiitie tui, na kwa kuwa mara moja ilikuwa nusura niitupe pamoja na maganda, nikaifunga kwenye muhogo mmoja mnene uliobaki mezani, niione vizuri. Nikaendelea kukuna nazi yangu. Simu ikalia, yeye.

"Mashaallah mama! Leo moyo wako umetulia. Mzuri kabisa. Unafanya nini?"

Nikageuka kuitazama saa. Ile taa yake ya kijani inamemeta juu ya ganda la muhogo, na nambari zinapanda na kushuka kama za mtu mzima wa afya.

"Napika," nikamjibu. Na kweli nilikuwa napika.

Alasiri nikawahadithia wenzangu. Wakacheka mpaka kahawa ikamwagika. Jirani yangu wa ukuta mmoja, mwenye ulimi, akashika kifua: "Huo muhogo una moyo kuliko marehemu mume wangu!" Lakini nilipowaambia nitamweleza mwanangu, wakaweka vikombe chini wote.

"Una wazimu?" akasema jirani. "Saa ndo inayokuweka hapa. Ukimwambia kama inasema uongo, kesho unahamishwa. Nyamaza, bibi, ule muhogo wako."

Nilinyamaza, lakini sikulala vizuri. Kuondoka kwangu kulinitisha, wallahi kulinitisha. Hata hivyo kila nikifumba macho namwona mwanangu kule Mabela anafungua simu, anaona nambari, anashukuru Mungu. Na pengine mie niko chini jikoni, na saa iko juu ya meza inamwambia mama mzima. Watoto wangu nimewachapa kwa uongo mdogo kuliko huo.

Ijumaa alikuja na mkewe kula, kama kawaida. Tulipomaliza nikaleta muhogo kwenye sahani, mbichi, nikaufunga saa mbele yao.

"Mama, tushashiba," akasema mkwe wangu.

"Huu si wa kula. Mumeo afungue simu yake."

Akafungua. Akaitazama simu, akautazama muhogo, akanitazama mie. Mkewe akaanza kucheka, akaona uso wa mumewe, akaacha.

"Kila asubuhi, mama," akasema polepole. "Kila asubuhi, kabla sijashusha mguu kitandani, naangalia hii kwanza."

Nilidhani saa ile ni ya kunichunga mie, kumbe ndo inayomwinua yeye. Nikamwambia: "Basi nimekwambia ujue. Ukitaka kuleta gari la mizigo, lete. Nguo zangu si nyingi."

Aliichukua simu akawa anaibonyeza, anaibonyeza, mkewe ameinama begani kwake anatazama naye. Halafu akanisogezea kioo. "Tizama hapa. Siku ile, saa zile ulizosema unapika. Moyo upo. Hatua hamna hata moja. Muhogo una moyo, mama, lakini hauna miguu."

"Sasa?"

"Sasa mie moyo siutazami tena. Natazama miguu. Ukishasali alfajiri, tembea. Nikiona umetembea, najua ni wewe."

Basi hivyo ndo tunavyoishi. Nikitoa salamu na kumaliza nyiradi zangu, nafunga saa, natoka uani, nazunguka. Napita kwenye kamba ya nguo, kwenye tangi la maji, kwenye mndimu wangu, narudi. Simpigii na yeye hanipigii. Jirani ananichungulia kwa juu ya ukuta: "Ushamwamkia mwanao?" Namwambia nshamwamkia. Mkwe wangu ananambia mumewe siku hizi anakaa kitandani na simu mkononi mpaka nimalize mzunguko, ndo anakwenda kuoga.

Wiki ilopita goti lilinikaza, nikashindwa kuinuka kwenye msala. Nikampigia mwenyewe kabla hajaangalia.

"Leo sitembei. Goti. Usije mbio."

"Nshatoka, mama."

"Nenda kazini kwako!"

Alikuja. Akapasha mafuta ya nazi na kitunguu thomu, akakaa chini na shati lake la kazini, akanisugua goti kama nilivyokuwa namsugua kifua utotoni. Nilimwambia anasugua vibaya, apandishe juu kidogo. Akapandisha. La Mabela hakulitaja, na mie sikumkumbusha.