Sanamu Pacha za Mafundi Wawili

Fundi cherehani ndiye aliyemfundisha wifi yake kushika mkasi, lakini sasa wifi alikuwa na wafuasi elfu tisa mtandaoni na yeye mia mbili, wengi wao ndugu. Roho ilimuuma. Asubuhi moja wifi akaweka picha ya sanamu yake ya kuvalisha nguo, tupu, imezungushiwa futi ya kupimia kiunoni tu. Fundi akairipoti kuwa ni picha ya uchi, na mtambo wa kukagua picha ukaifuta papo hapo. Alicheka hadi sindano ikamchoma.

Adhuhuri, ukurasa wake mwenyewe ukafungwa. Sanamu zao walizinunua pamoja, zinafanana kama pacha, ya kwake imejaa kwenye picha zake, na mtambo ulikuwa umeshajifunza kuwa sanamu ile ni uchi. Akakata rufaa. Mtambo uleule ukamjibu kwa sekunde mbili: kosa lipo.

Jioni wifi akaja mbio. "Pole, wifi yangu! Sijui nani ana roho mbaya hivi. Mimi wafuasi walipiga kelele, nikarudishiwa picha. Nipe picha zako nikuwekee kwangu."

Fundi akampa picha ya gauni alilolishona wiki nzima. Kabla ya chakula, watu elfu tatu walikuwa wamelipenda, na wote wanamsifu wifi.