Buti Nilizozianika Juani

Ipo siku moja ambayo siwezi kuisahau, mwanangu, nayo ni siku niliyoanika buti za Mfini juani. Nimekaa nayo miaka mingi. Hata mama yako, mdogo wangu wa tumbo moja, hajui. Nakusimulia leo kwa sababu ya hiyo skrubu unayoizungusha vidoleni tangu asubuhi, na kwa sababu nilipokuuliza ni ya nini ulinijibu, "Hakuna shida, mama mkubwa." Umenijibu hivyo mara tatu, na chai yako imepoa kikombeni.

Mwisho umesema, tena kwa kubanwa. Jana hapo hotelini unapofanya kazi, Al Rigga, ulifunga kitanda cha mtoto kwenye chumba cha wageni, ukafika nyumbani ukakuta skrubu moja mfukoni. Hujui imetoka wapi. Leo ni ofu yako, na wageni wanaingia saa tisa mchana na kichanga chao. Sasa ni saa nne. Nisikilize, sitakuchelewesha.

Nilikuja Dubai nikiwa na miaka ishirini na sita, nimetoka Korogwe, na barafu niliyoijua ni ile ya vifuko tuliyonunua getini shuleni. Metro ilikuwa bado inajengwa. Nikapata kazi kwenye jengo lenye mlima wa theluji ndani yake. Nilipoambiwa nilidhani wananitania. Nje watu wanaungua, wewe uko ndani umevaa makoti mawili na pua inachuruzika. Niliwekwa chumba cha buti: kupokea, kufuta, kukausha, kupanga kwa namba. Nilikuwa kwenye miezi ya majaribio, na kitu cha kwanza nilichofundishwa na walionitangulia kilikuwa maneno ya kujikinga. Mgeni wa Kizungu akikuuliza chochote, sema "No problem, madam." Mwarabu akikuuliza, sema "Mafi mushkil," maana yake hiyo hiyo, hakuna shida. Niliyashika hayo kabla sijajua choo cha wafanyakazi kiko upande gani.

Mwezi wa tisa wakaja Wafini, watu wa Finland. Walikuwa vijana sita na kocha wao, mzee wa ndevu nyeupe. Ni wanamichezo wa kuteleza kwenye theluji, wale wanaoshuka mlima kwa kasi wakipinda huku na huku katikati ya vijiti. Kwao theluji ilikuwa bado haijaanguka na mashindano ya kimataifa yalikuwa yanakaribia kufunguliwa Ulaya, ndiyo wakaja kujinoa kwetu jangwani. Walipewa mlima alfajiri, wakautumia mpaka saa tatu, kabla wateja wa kawaida hawajaingia.

Walinitia wasiwasi kwa ukimya wao. Sisi tumezoea mtu akiingia kazini asalimie, aulizie watu wa nyumbani, alalamike kidogo kuhusu joto. Wale wanaingia, wanatikisa kichwa, wanakaa benchi moja wote saba na vikombe vya kahawa, hakuna anayesema neno. Nilidhani wamegombana. Siku ya tatu nikamuuliza supavaiza wangu, Mama Wambui, Mkenya wa Nyeri aliyekaa hapa miaka mingi, akacheka mpaka akashika meza. "Hawajakosana, dear. Hivyo ndivyo wako. Wakisema kitu wamesema, khalas, basi."

Aliyenizoea ni mmoja, Aino. Alikuwa binti wa miaka ishirini na mbili hivi, mrefu. Goti lake la kushoto lilikuwa na makovu mawili marefu, akanionyesha mwenyewe wakati ananikabidhi buti. Limepasuliwa mara mbili. Msimu mzima uliopita alikaa kitako nyumbani akiwatazama wenzake kwenye televisheni, na daktari alimwambia likienda mara ya tatu atafute kazi nyingine. Alinieleza hayo kwa Kiingereza cha kuokoteza, na changu kilikuwa cha kuokoteza zaidi, kwa hiyo tulielewana vizuri.

Siku moja akaniuliza, "Hii sana ni nini? Nyinyi wote mnasema sana, sana. Asante sana. Pole sana."

Nikamwambia ni kuongeza uzito. Ni kusema kwa wingi.

Akatabasamu, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi. "Kwetu sana ni neno. Neno ambalo mtu anasema. Nikikupa sana yangu, nimekuahidi."

Nikaona kichekesho tu. Tangu siku hiyo akawa ananiaga, "Asante, sana!" na mimi namjibu hivyo hivyo, tunacheka.

Sasa sikia nilivyoharibu. Ilikuwa siku moja kabla ya siku ambayo wangeshindana wenyewe kwa wenyewe kwa kupimwa muda, ili kocha achague wanne wa kupeleka kwenye mashindano ya kwanza. Aino akaniletea buti zake zimelowa. Akasema, "Kausha taratibu. Si kwa joto." Nilikuwa napanga buti za wateja, nikajibu bila hata kugeuka, "No problem, madam." Lile "si kwa joto" liliingia sikio moja likatokea la pili.

Mashine ya kukaushia siku hiyo ilikuwa imejaa. Nikafanya kile ambacho mama yangu, bibi yako, angefanya: nikatafuta jua. Buti zile zina kiatu kingine laini ndani yake, cha sponji nene. Nikavichomoa viatu vya ndani, nikatoka navyo uani kunakoshushwa mizigo, nikavitandika juu ya bati la jenereta. Upepo ulikuwa unavuma, nikaviwekea jiwe kila kimoja visipeperuke. Mwanangu, nilijisifu kabisa. Nikarudi ndani naimba.

Nilivifuata saa saba. Vilikuwa vikavu, na vilikuwa laini kuliko nilivyoviacha, jiwe limezama. Nikavibonyezabonyeza virudi umbo lake, nikavirudisha ndani ya buti. Mama Wambui akanikuta navyo mkononi.

"Ulizipeleka wapi?"

"Juani tu, Mama. Zimekauka vizuri."

Akakaa chini. Akanieleza polepole kwamba viatu vile vya ndani hupashwa moto siku vinaponunuliwa, mwenyewe akavivaa vikiwa na joto, vikaganda kwa umbo la mguu wake peke yake. "Ukizipika tena na uziwekee jiwe, zinasahau mguu. Atavaa aone ni kama zake, lakini mguu utacheza ndani. Na huyu ni yule wa magoti, ama?"

Nikasema ndiye.

"Basi enda umwambie leo, kabla ya hizo mbio za kesho. Ukingoja, hiyo si makosa tena, ni kitu ingine."

Nikaitikia. Hoteli yao ilikuwa mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Nilivaa viatu vyangu nikafika mpaka kwenye mlango wa vioo, nikamwona amekaa kwenye kochi anasoma kitabu, mguu wa kushoto ameunyoosha juu ya kiti. Nikajiambia atanishtaki, nitafukuzwa, viza itafutwa, nitateremka Dar na begi langu na mama yangu atauliza nilifanya nini. Nikajiambia pengine Mama Wambui anatia chumvi. Pengine viatu vitajirudi vyenyewe. Nikageuka.

Alfajiri nilikuwa wa kwanza kufungua chumba cha buti. Aino akaja, akachukua buti zake, akavaa, akafunga. Akakanyaga chini mara mbili. Akafungua, akafunga tena kwa kukaza. Akaniangalia.

"Ziko tofauti kidogo. Kuna kitu kilitokea?"

Alikuwa ameniuliza, mwanangu. Mlango alikuwa ameufungua yeye mwenyewe, nilitakiwa kuingia tu. Mama Wambui alikuwa upande wa pili wa kaunta, ameacha kalamu yake, ananitazama. Nikasema, "No problem, madam."

Akatikisa kichwa. Aliniamini. Akaondoka.

Nilikwenda kusimama chini ya mlima, kwenye wavu, ambako hata hatukuruhusiwa. Wa kwanza akashuka, wa pili, wa tatu. Kila aliyetokea juu nilidhani ni yeye. Jasho lilinitoka kwenye baridi ile mpaka kofia ikalowa. Alipotokea nilimjua kwa urefu. Akapinda kijiti cha kwanza vizuri, cha pili, cha tatu. Nikaanza kupumua. Kwenye cha sita mguu wa kushoto ulichelewa, nakwambia nilivyoona mimi, mtu asiyejua mchezo, ulichelewa tu kidogo, na mwili ukaenda bila mguu. Akabingirika mpaka kwenye wavu, hatua chache kutoka niliposimama. Hakupiga kelele. Alishika goti kwa mikono miwili na kufumba macho.

Kocha akateremka. Akamgusa goti, akamvua buti, akaingiza mkono ndani ya kile kiatu laini, akakipapasa kwa muda mrefu. Kisha akainua macho akaniona. Wale watu hawasemi, nimekwambia, na mimi siku ile ningelipa chochote nitukanwe.

Wakampeleka hospitali. Kutwa nzima sikujua kama goti limekwenda au halijakwenda. Sikula. Nilikuwa nafuta buti ile ile ya mteja, nafuta tena, mpaka Mama Wambui akaninyang'anya. Hakunisema. Alichosema ni, "Omba Mungu, dear," na hilo likanitisha zaidi.

Kesho yake Aino akaja kwa magongo kuchukua vitu vyake. Goti lilikuwa halijakatika, lilikuwa limevutika. Wiki sita bila mazoezi. Mashindano ya kwanza yamempita, na kocha ameshaandika majina ya wengine. Akaegemea kaunta akaniuliza kwa sauti ya chini, "Jana ulisema no problem. Ile ilikuwa sana?"

Nikalia. Nikamwambia yote: jua, bati, mawe, mlango wa hoteli, kochi. Nikangoja aite meneja. Alinisubiri nikamaliza machozi, akasema neno ambalo mpaka leo nalisikia.

"Nina buti nyingine. Za zamani. Zilikuwa kwenye begi. Ungesema, ningevaa zile."

Begi lilikuwa pale pale chini ya benchi, mwanangu. Nililiona kila siku na kulipitia kwa ufagio. Usiku mzima nimehangaika na kufukuzwa na viza na Dar, na dawa yake ilikuwa chini ya benchi, inahitaji sentensi moja tu kutoka kwangu.

Hakunishtaki. Sijui kwa nini, na sikumuuliza. Mama Wambui akanihamishia kaunta ya glavu, ambako huwezi kumvunja mtu mguu, na hakunirudisha chumba cha buti mpaka alipostaafu. Mwaka uliofuata nilikuwa napita Al Rigga na mfuko wa ununuzi nikaona mbio za theluji kwenye televisheni ya dukani, nikaona jina lake. Nilisimama pale na vitunguu vyangu, nimekamata goti langu la kushoto, Mhindi mwenye duka ananishangaa. Akashuka. Alikuwa wa nyuma kabisa, lakini alifika chini amesimama. Nikaenda zangu nyumbani.

Kwa hiyo ninachokwambia ni hiki. Kosa la kutojua utasamehewa na watu, na hata usiposamehewa utalala. Nilianika kwa kutojua. Lakini "no problem" niliisema nikijua, na ile ndiyo iliyomwangusha. Katika mji huu watakufundisha kusema hakuna shida mpaka ulimi uzoee kusema wenyewe. Iseme kwa mgeni anayetaka taulo la pili. Lakini panapokuwa na mwili wa mtu, goti lake, mtoto wake, usiiseme mpaka uwe na hakika. Usijipe kesho ya kusema, wala usingoje kuulizwa, maana ukishaulizwa na ukakataa huna pa kurudi. Na huo woga unaokuonyesha uwanja wa ndege na begi lako, usiusikilize, haujui kuna nini chini ya benchi. Hoteli yenu haikosi kitanda kingine cha mtoto stoo. Dakika tano kukibadilisha.

Mola akujaalie mikono yenye uangalifu, na pale mikono itakapokosea, akupe ulimi wa kuwahi. Akuepushe na siku ya kusimama kwenye wavu ukihesabu vijiti. Neno lako liwe kitu ambacho mtu anaweza kukikanyagia kwa uzito wake wote na kisimwangushe.

Simu iko hapo kando ya skrubu. Naenda kukupashia chai. Nikirudi nataka nikukute unaongea na supavaiza wako.