Usiitike Mara ya Kwanza

Nilikuwa na miaka minane, na kahawa ya bibi yangu kule Iyula ilikuwa bado ya kijani, nilipoanza kusifiwa kwa utii ambao sikuwa nao.

Sheria ilikuwa ya bibi, mama yake baba. "Ukiwa shambani ukasikia jina lako, na humwoni anayekuita, usiitike," alituambia mimi na dada yangu Lusia. "Mzimu huita mara moja, au mbili. Ya tatu hana pumzi. Mtu wa kwenu ataita mara tatu, na ukinyamaza bado, atakufuata mpaka auone uso wako." Mtoto aliyeitika ovyo alipotelea kwenye mibuni, akarudi baada ya siku tatu hamjui hata mama yake. Bibi alikuwa mzee wa kanisa na hakuona mambo hayo mawili yanagombana wapi. Sisi pia hatukuona.

Lusia alishindwa kushika sheria hiyo. Alikuwa na miaka kumi na mmoja na alipenda kuitwa. Jina halijaisha mdomoni mwa mtu, yeye ameshasema "Abee!" Bibi alimwambia, "Wewe utachukuliwa mchana kweupe, na kikapu changu juu."

Mwaka ule niliumwa homa, kisha masikio yakaanza kutoka usaha. Halikuwa jambo la kutisha; karibu kila nyumba ilikuwa na mtoto wa hivyo. Bibi alinitia mafuta ya alizeti ya uvuguvugu na kuziba kwa pamba. Usaha ulikauka, ukatoka tena, ukakauka. Nilipotoa pamba niliona kama bado imo. Jogoo alifungua mdomo tu. Mwalimu akigeukia ubao, somo liliisha hapo.

Siku moja mama aliniita kutoka jikoni, nami nilikuwa nyuma ya nyumba. Sikuitika. Akaita tena, na tena, mwisho akanifuata na mwiko mkononi. Bibi akamzuia. Akanishika kidevu, akasema polepole, uso kwa uso, kwa hiyo nilimwelewa: "Huyu ameshika. Huyu hachukuliwi." Akanikatia muwa, Lusia akakosa.

Jumapili ile aliwasimulia akina mama wenzake nje ya kanisa. Walinitazama wakitikisa vichwa kwa kuridhika. Sikuwahi kutazamwa hivyo. Darasani nilikuwa wa katikati, nyumbani nilikuwa wa pili. Sasa nilikuwa na kitu changu.

Nilijua kwamba sisikii. Nasema hivi kwa sababu watu wanaosoma vitabu vyangu hupenda kuniambia kwamba mtoto hana kosa. Sina hakika. Nilijua kwamba sauti zilikuwa zinaondoka, na nilijua pia kwamba nikisema, muwa utaisha na bibi ataacha kunishika kidevu. Nikanyamaza. Kila nilipokosa kuitika, nilisifiwa, na kila niliposifiwa nilizidi kunyamaza. Kahawa ikawa nyekundu.

Yaliyotokea siku ya kuchuma nimeyapata kwa Lusia, maana mimi nilikuwapo lakini sikuyasikia. Nilikuwa mbele kwenye mstari wa mibuni, nimewapa mgongo. Mama aliniita mara tatu. Kisha mara tano.

"Mwache, ameshika mafundisho," bibi alisema.

"Mama, nimeita mara tano. Huo mzimu una pumzi gani?"

"Labda sasa ni yeye mzimu," Lusia alisema, akacheka peke yake.

Bibi hakucheka. Aliweka kikapu chini, akachukua ndoo ya bati iliyokuwa tupu na jiwe, akaja mpaka hatua mbili nyuma yangu, akaigonga. Lusia anasema ndege waliruka upande wa pili wa bonde. Mimi niliendelea kuchuma. Akagonga tena. Nilichosikia ni kitu kama mlango unaofungwa nyumba ya mbali. Niligeuka kwa sababu nilihisi mtu, nikamkuta bibi na ndoo mkononi, na nyuma yake mama ameketi chini kwenye majani, kahawa imemwagika. Nilitabasamu. Nilidhani nasifiwa.

Hospitalini daktari aliingiza taa yake sikio hili na lile, akauliza usaha ulianza lini. Mama hakukumbuka. Daktari alisema mngemleta mapema tungeokoa kitu.

"Mapema lini?" bibi akauliza.

"Miezi mitatu, minne iliyopita."

Mama anasema bibi alihesabu kwa vidole, akasema, "Ndipo nilipoanza kumsifu."

Sikio la kushoto limekufa kabisa. La kulia limebakiza kidogo, na kwa kifaa nasikia lori za barabarani hapa Mpemba ninakoishi, na mtoto akilia karibu. Nilimaliza kidato cha nne kwa kusoma midomo na kunakili daftari za wenzangu. Kuchora nilijifunza katika vipindi ambavyo mwalimu alikuwa ameangalia ubao.

Bibi hakuniita tena kutoka mbali. Akitaka chumvi tukiwa shambani, na chumvi ilikuwa kwangu, alikuja na fimbo yake, mstari kwa mstari, mpaka akasimama mbele yangu. Magoti yake yalikuwa mabovu. Nilimwambia atume mtoto, akakataa. Hakuwahi kuomba msamaha, na mimi sikuwahi kumwambia kwamba nilijua. Tulizika hilo pamoja naye.

Katika vitabu vyangu vya watoto kila anayezungumza nimemchora ametazama mbele. Mhariri aliwahi kuniandikia kwamba picha zote za bibi mmoja zinafanana, ageuke kidogo. Nilijaribu jioni mbili. Sikuweza kumchora mgongo. Sikujua angekuwa anasema nini. Nikamrudishia zilezile.

Binti yangu wa mwisho ana miaka sita. Msimu wa baridi mafua hayamwachi, na mafua hushuka masikioni. Nikiwa napika, yeye akiwa amekaa mlangoni na daftari lake, amenipa mgongo, huwa nasimama nyuma yake na kutaja jina lake mara moja, kwa sauti ndogo kadiri niwezavyo kupima. Sheria ya bibi sikumfundisha. Mizimu kama ipo, na ije. Nitapambana nayo hapohapo mlangoni.

Sisikii anachojibu. Naona shingo ikigeuka mara ile ya kwanza, na mdomo unasema "Abee, mama." Basi narudi kwenye sufuria.