Mama Mizani na Deni la Jumamosi

"Nje ipi? Hebu nionyeshe hiyo nje kwa kidole!" Mama Mizani alikuwa amesimama katikati ya mlango wa ofisi, na kwa umbo lake mlango ulikuwa umeshapata pazia. "Kila Jumamosi unawahubiria wazazi, watoto wacheze nje, watoto wacheze nje. Uwanja umejaa malori. Barabarani pikipiki zinapita kama zimefukuzwa na nyuki. Mjukuu wangu acheze wapi, mwanangu? Juu ya bati?"

Kijana wa mradi aliweka chini rundo la kamba za kuruka. Mtaa mzima ulimwita Filimbi, kwa sababu ya ile filimbi isiyobanduka shingoni mwake. Mradi wenyewe ulikuwa wa kuzuia watoto wasinenepe kupita kiasi, na ulifanyika kwenye ua wa kliniki.

"Mimi sikuleta malori, mama."

"Na mtoto mwenyewe mmeshaniharibia. Haji tena. Akitoka shule ni kitandani, uso ukutani. Nimewaletea mtoto anacheka, mmenirudishia gogo!"

Filimbi alikuwa mpole, mtu wa kukiomba radhi hata kiti alichokigonga. Lakini mpole naye ana siku yake.

"Mama, kwani aliyetangaza kilo zake ni nani?"

Mama Mizani akafungua mdomo. Akaufunga. Wanaoujua mdomo ule wataapa haukuwahi kufungwa kabla haujamaliza.

Kazi yake pale kliniki ilikuwa uhudumu: kupiga deki, kupanga foleni, na zaidi ya yote kupima watoto wachanga. Mizani ilikuwa uani, imening'inia kwenye boriti. Nesi wa kuandika alikaa ndani, dirishani, na kati yake na mizani kulikuwa na mabenchi ya akina mama na vilio vya watoto wao. Usipopaza sauti, nesi atamwandikia mtoto wako kilo za mtoto wa mwenzio. Kwa hiyo Mama Mizani alipaza. "Kilo saba na nusu, huyooo!" Mtoto akiwa mzito, mabenchi yalipiga makofi, na mama yake akaondoka kidevu juu kama aliyeshinda uchaguzi. Akiwa mwepesi alitajwa vilevile, maana mizani haina shemeji, na mama yake akakusanya nepi zake macho chini.

Huko kutazama chini Mama Mizani alikujua. Binti yake alikuwa mchanga mwembamba kama uzi, na siku moja mtu kwenye mabenchi yaleyale alisema, "Huyo unampima yeye au unazipima nguo zake?" Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Binti akakua, akazaa, akaenda mbali kufanya kazi za ndani kwenye nyumba za watu, akamwachia mama yake kitoto kichanga. Mama Mizani akajiapiza: huyu hatachekwa na kiumbe. Akamlisha. Asubuhi akamlisha, mchana akamlisha, mtoto akigeuza shingo anakifuata kijiko kwa upande wa pili. Siku ya kumpima alimtangaza yeye mwenyewe, na makofi yalilia hadi nesi akatoa kichwa dirishani. Hapo ndipo mtoto alipoitwa Kibonge, na jina likagoma kutoka.

Kibonge akakulia kwenye chumba kimoja cha ghorofani, na bibi yake yuko kazini hadi jioni. Akitoka shule anachukua ufunguo kwa jirani, na amri ni ileile kila siku: ingia, funga, usimfungulie mtu. Mezani anakuta chipsi ndani ya mfuko, soda, na biskuti za kusukumia. Bibi hakuwa mjinga. Alijua mtoto aliyefungiwa ndani hulia, na mwenye kitu mdomoni halii. Jioni akipanda ngazi anaanza utani tangu chini:

"Mke mwenzangu! Mume wetu kala?"

"Kala, kalala, usimwamshe!" Kibonge anajibu kutoka ndani.

Mume mwenyewe alikuwa kaburini tangu Kibonge hajazaliwa, lakini wake wenza wale walielewana.

Ndipo mradi ulipokuja, na mabango ya watoto wembamba wanaocheka, mipira, kamba, na machungwa. Siku ya uzinduzi wageni walihutubu juu ya hatari ya sukari, kisha kila mtoto akapewa soda. "Mmeanza na mguu mzuri," Mama Mizani alimwambia Filimbi. Lakini Kibonge alikuwa na raba mpya, na alikuwa ameshazijaribu kitandani usiku kucha, basi bibi akameza mengine.

Wakasema watoto wapimwe kwanza. Ililetwa mizani ya kusimama, yenye mshale, ikawekwa palepale chini ya boriti. Nesi akakaa dirishani palepale. Watoto wakapiga kelele zilezile. Sasa mtu umempa ua wake, mizani yake na nesi wake, ulitegemea afanye nini? Mdomo ukaenda wenyewe. "Thelathini na moja, huyooo! Thelathini na nane, huyooo!" Na watoto wakaona ni mchezo, wakawa wanaitikia.

Kibonge alikuwa mwisho wa mstari. Akavua raba, akapanda. Mshale ukakimbia, ukawapita wote.

"Sitini na mbili, huyooo!" Na Mama Mizani akapiga makofi.

Alipiga peke yake. Kisha kikasikika kisauti cha mtoto mmoja: "Mizani inaomba likizo!" Ua ukapasuka kwa kicheko. Wengine wakadakia, haya inahema, haya ipelekeni hospitali.

Kibonge hakulia. Alishuka, akavaa raba zake, kamba ya kushoto, kamba ya kulia. Akamtazama bibi yake.

"Iko siku utapanda wewe, Bibi. Nitatangaza mimi. Deni hilo."

"Mganga hajigangi, mke mwenzangu," bibi akasema, bado anacheka cheka, maana hakujua afanye nini na uso wake.

Tangu siku hiyo utani wa ngazini haukupata mwitikiaji. Bibi aliita tangu chini, akaita mlangoni, akaingia akakuta mgongo. Wiki zikapita hivyo, na zilipomfika shingoni ndipo akamvamia Filimbi ofisini, akajibiwa alivyojibiwa.

Jibu lile lilimuuma kwa sababu lilikuwa la kweli. Basi akajitahidi. Jumamosi iliyofuata hakutangaza. Kila mtoto aliyepimwa, yeye akatembea hadi dirishani kumnong'oneza nesi, akirudi anahema. Mara ya pili akafunga shuka kuizunguka mizani, apimwe mtu bila kuonekana. Ikawa balaa. Walio nje ya shuka wakaanza kubahatisha kwa sauti, na walichobahatisha kilizidi ukweli. Wale wanene wakaacha kuja, mmoja mmoja, kama meno ya mzee. Waliobaki ni wale wembamba, waliofuata machungwa.

Nyumbani aliondoa soda mezani, akaweka maji na tunda. Kibonge alikula tunda, akashukuru kama mgeni. Lakini siku ya kufua shuka bibi alikuta chini ya godoro makaratasi ya pipi, yamekunjwa vizuri, yamepangwa. Aliyarudisha alipoyakuta, na hilo lilimchosha kuliko deki ya wodi nzima.

Jioni moja akaitoa kamba ya kuruka aliyoiazima kwa Filimbi.

"Haya, turuke hapa koridoni. Hakuna mtu."

"Sitaki."

"Ruka mara mbili tu. Mimi nitashika upande huu, upande wa pili tumefunga kwenye komeo."

Labda kwa kumhurumia, Kibonge akainuka. Akaruka. Akaruka tena, na pembe ya mdomo wake ikasogea kidogo, bibi aliiona kwa macho yake. Mara mtu wa chini akagonga dari kwa mti wa fagio.

"Nyie huko juu! Mnatwanga nini usiku huu? Ghorofa litatuangukia!"

Kibonge akasimama. Akaikunja kamba, akaiweka mkononi mwa bibi yake polepole, akaingia ndani. Mama Mizani akainama kwenye ngazi akamtukana yule mtu hadi akamfikisha kwa babu zake. Matusi yalikuwa mazuri. Hayakumtoa mtoto kitandani.

Akamfuata mlinzi wa maegesho ya malori, aombe kona moja tu ya uwanja. "Kona ipi, mama?" mlinzi akamjibu. "Hata mimi nakaa chini ya tela."

Kisha Filimbi akasema mradi umefika mwisho. Si kwamba kuna aliyekosea. Muda wake umeisha, na waliouleta wameupeleka kwingine.

"Na watoto?"

"Mabango tunawaachia."

"Haya. Watayala."

Jumamosi ile ya mwisho Filimbi alifungasha mipira kwenye gari bila kupuliza filimbi hata mara moja. Mabenchi yalikuwa na akina mama wa watoto wachanga, foleni imeshaanza. Mizani ya kusimama ilikuwa bado uani, ikingoja kubebwa. Kibonge akatokea getini na ufunguo mkononi. Jirani alikuwa amesafiri, na bibi alikuwa amemwagiza afunge mlango aje na ufunguo. Akasimama karibu na ukuta kama mtu aliyeleta barua tu.

Mama Mizani akamwona. Akakaa kwenye benchi, akavua viatu. Akina mama wakageuka.

"Njoo," akamwambia mjukuu wake. "Njoo udai chako, kabla hawajaibeba."

"Bibi, acha."

"Mimi sifi na deni la mtu."

Akapanda. Mizani ikaguna. Miaka yote ile ya kupima watu, miguu yake haikuwahi kugusa chuma kile wala kingine. Nesi dirishani akashika kalamu, kwa mazoea tu. Hata wachanga walionekana kungoja. Mama Mizani akafumba macho, akanyoosha shingo, na jasho likamtambaa nyuma ya masikio. Sasa akajua urefu wa muda kati ya mshale kusimama na sauti kutoka.

Kibonge alisogea, akainama kuutazama mshale. Akautazama sana.

"Soma," bibi akasema. "Paza sauti, nesi yuko mbali."

Kibonge akageuka kuyatazama mabenchi.

"Soma, mtoto, nimesema nitalipa."

"Shuka, mke mwenzangu," Kibonge akasema, kwa sauti ya kuwatosha wawili. "Nimekusamehe. Shuka twende."

Bibi akashuka. Kibonge akapiga goti amfunge viatu, na kuinama kule kulimpa shida; alifunga kimoja, akapumzika, akafunga cha pili.

"Lakini Jumamosi bado siji, Bibi."

"Hata ungetaka," Mama Mizani akasema, huku nyuma yao Filimbi na dereva wakiinua mizani kuipakia. "Hakuna Jumamosi tena."

Akamshika mjukuu begani ili ainuke. Au alijiegemeza yeye. Wakatoka getini, wakapita kando ya malori, kuelekea kwenye kile chumba.