Dirisha na Mechi ya Kukamilisha Ratiba

Fundi saa mmoja hakupokea saa ya mtu bila kuifungua mbele ya mwenyewe, kuhesabu skrubu kwa sauti na kumtaka mteja naye ahesabu. Kisha alikwangua alama ndogo ndani ya mfuniko, asije mtu kurudi akidai saa yake imebadilishwa matumbo. Miaka ishirini na minne hakuna aliyerudi na dai hilo. Mwingine angeshukuru. Yeye aliona ni ushahidi kwamba watu wanajipanga.

Mtaani walimwita Hebu-Nione. Ukimpa kiti, anakigeuza kwanza miguu juu. Ukimsalimia kwa bashasha, anatazama nyuma kuona unamcheka nani. Hata chai ya mkewe aliinusa kabla ya kunywa, mpaka siku moja mkewe akamwambia, "Ningetaka kukuua, ningekuua ulipokuwa bado na nywele."

Alifanya kazi chumba kimoja na shemeji yake, mdogo wa mkewe, fundi redio. Meza zao zilikuwa chini ya madirisha mawili, kila mtu na lake, mpaka jirani alipopandisha ukuta. Dirisha moja likabaki linatazama matofali, na upande ule saa sita mchana ukawa giza kama ndani ya buti. Lililobaki halikutosha meza mbili. Mmoja wao alipaswa kuhamia gizani.

Sasa, kulikuwa na jambo ambalo Hebu-Nione hakumwambia hata mkewe. Macho yalikuwa yanamwacha. Tangu mwaka jana skrubu za saa za kike zilikuwa ukungu mtupu, hata akivaa kioo cha kukuzia. Taa ya mezani nayo ilikuwa inang'aa juu ya chuma na kumpofua zaidi. Bila mwanga wa jua, kazi imekwisha, na kila mtu atajua kwamba imekwisha.

"Shemeji, tusigombane," fundi redio alisema mchana wa Jumamosi. "Mpira utuamulie. Leo alasiri Wekundu na Weupe. Atakayeshinda anakaa dirishani."

Hizo zilikuwa timu mbili za taifa za mbali huko. Wekundu walishafuzu hatua inayofuata. Weupe walishafungwa mechi zote na walichosubiri ni ndege tu. Ilikuwa mechi ya kukamilisha ratiba, ambayo refa mwenyewe angeruhusiwa angetuma mtu.

"Chukua wewe Wekundu," shemeji akaendelea. "Mimi nitabaki na Weupe wangu."

"Na ikiwa sare?"

"Sare, dirisha lako."

Hapo Hebu-Nione akaweka kibano chini. Shemeji yake alikuwa mtu anayejua mpaka mama mkwe wa kipa anaishi wapi. Leo anachagua vibonde, na sare anaigawa kama pipi?

Mkewe alikuwa amefika na chakula cha mchana. "Chukua Wekundu, baba watoto," akasema haraka. "Hao ndio wazuri."

Mwanamke huyu aliwahi kuuliza kwa nini kila timu isipewe mpira wake. Tangu lini ana maoni?

Hebu-Nione akapiga hesabu. Wekundu wameshafuzu, watapumzisha miguu ya maana na kuingiza akiba. Shemeji anashinda na redio kumi na moja kutwa; atakosaje kusikia?

"Tubadilishane," akasema. "Nipe Weupe."

Shemeji akaruka. "Aa, hapana bwana! Mimi nimeshawazoea."

"Kwa dakika tano?"

"Baba watoto, acha ubishi!" mkewe akadakia.

Wawili dhidi ya mmoja! Sasa akawa na hakika. "Weupe ni wangu," akasema, "au hakuna mchezo." Ndugu wale wawili wakatazamana. Shemeji akashusha pumzi, akakubali.

Redio ya shemeji aliikataa. Akachagua ya mteja rafuni, akaifungua mgongo, akachungulia, akaifunga. Mtangazaji akasoma kikosi cha Wekundu: wachezaji wa akiba, wote kumi na mmoja.

"Nilijua!" Hebu-Nione akapiga meza. "Mlidhani mmenipata!"

Kwa bahati mbaya, wachezaji wale walikuwa wamekalia benchi miaka miwili wakimsubiri kocha awaone. Walicheza kama watu wanaotafuta kazi, maana ndivyo walivyokuwa. Mapumziko, tatu bila. Mwisho wa mchezo, tano.

Ajabu, mshindi hakushangilia. Alishika kichwa kama aliyefiwa. "Baba watoto, kichwa chako kama jiwe la kusagia," mkewe akanung'unika, akakusanya vyombo kwa kelele. Hebu-Nione akaihamisha meza yake ukutani peke yake, akijiuliza ni mshindi gani huyu anayenuna.

Jumatatu, kwenye kona ile, alifungua saa ya kike. Skrubu ikamponyoka, ikalia *ti* sakafuni. Akapiga magoti, akapapasa. Akapapasa tena. Dirishani, shemeji alikuwa ameacha kulehemu zamani. Chuma cha kulehemu mkononi mwake kilikuwa kimepoa.

Mwishowe sauti ikatoka chini ya meza. "Shemeji. Hebu niangalizie. Mimi sioni."

Skrubu ilikuwa kando ya goti lake. Shemeji akaiokota.

"Mlijua?"

"Mwezi uliopita ulimhesabia mteja skrubu saba. Saa ile ina sita. Alinitazama, nikamkonyeza."

"Na Wekundu?"

"Tulikuwa tunakupa dirisha, shemeji! Tumepanga na dada wiki nzima, wewe unakuja na 'tubadilishane' yako!"

"Si mngenipa tu?"

"Tungekupa tu, ungelichukua?"

Hebu-Nione akafikiri. Kwa kweli, angeng'oa fremu kwanza aone nyuma kuna nini.

Wakabadilishana meza. Alipokaa juani, akaigeuza ile skrubu mara tatu, akaitia mahali pake, kisha akatafuta alama yake ndani ya mfuniko. Ilikuwepo. Akahesabu kwa sauti: sita. Halafu akafanya kitu ambacho hakuwahi kukifanya kwa mtu asiye mteja. Akamsogezea shemeji yake saa.

"Hesabu na wewe."

Shemeji akainama, akahesabu. "Sita."

Hebu-Nione akamtazama kidogo.

"Hesabu tena."