Zamu ya Maji ya Kaka Yangu

Walisema kabichi itanishinda. Niliporudi Lushoto na stashahada yangu ya kilimo, baada ya serikali kupunguza wafanyakazi, wanaume tuliochangia nao mfereji walinitazama viatu kwanza, kisha uso. "Bwana shamba wa karatasi," alisema jirani mmoja, "ngojeni jembe limtoe malengelenge." Alinipa miezi mitatu, halafu ningeteremka Mombo kutafuta basi la kurudi nilikotoka.

Sikuteremka. Zilikuwa enzi za ruksa, kila mtu akiuza alichoweza, na mwaka wa pili nilikuwa napakia kwenye lori la Dar es Salaam karoti zilizonyooka kuliko za mtu yeyote upande wa Gare. Nayasema haya kwa sababu ni kweli. Ninayoyaandika hapa chini ni kweli pia, ingawa hayanipi sifa.

Shamba langu lilipakana na la kaka yangu mkubwa, aliyebaki nyumbani siku zote nilizokuwa ugenini. Maji yetu yalikuwa ya zamu. Chemchemi ilijaza bwawa dogo usiku, asubuhi mwenye zamu akalifungua, na hadi adhuhuri mfereji ukawa wake. Watu wa kwetu watakuazima jembe, hata koti la kwendea harusini, bila maneno mengi. Zamu ya maji ni kitu kingine. Ukikopa zamu, unalipa zamu.

Kiangazi kile kaka alianza kubadilika. Nikimwambia "Shikamoo kaka," ananyanyua mkono tu. Yeye, aliyekuwa akimrudisha mtoto njia nzima kwa kosa la kupita bila kuamkia! Alikaa kwenye gogo mlangoni kwake asubuhi nzima, zamu yake ikipita, maji yakipotelea bondeni. Shati likaanza kumpwaya. Siku moja alimfokea mkewe kwa ajili ya chumvi, kisha akalia mbele ya watoto.

"Shemeji, mwenzio halali," mkewe aliniambia tukiwa mpakani mwa mashamba. "Anaamka kabla ya jogoo, anakaa kitandani anatazama mikono yake."

"Anahesabu kabichi zangu," nikamjibu.

Hakucheka. Majirani walisema karogwa. Mimi msomi nilisema ana wivu. Sote tulikosea, ila wao angalau walikubali kwamba anaumwa.

Kisha asubuhi moja alikuja shambani kwangu, mikono mitupu.

"Zamu yangu chukua," alisema.

"Ya kesho?"

"Zote. Sina kazi na maji tena."

"Na utanidai nini?"

"Sidai kitu."

Nikamshukuru. Naam, nilimshukuru, na siku ileile nikaongeza matuta matatu ya koliflawa. Kesho yake, tulipokuwa tukisafisha mfereji, nilijigamba mbele ya wote kwamba hata kaka amenipa zamu zake zote bure, ameona maji yaende kwa anayejua kuyatumia.

Yule jirani aliyenicheka viatu akaweka jembe chini. "Kakupa zote? Bila kudai?"

"Kasema hana kazi nayo."

"Wewe msomi," alisema, na safari hii hakuwa anatania, "mtu anayetarajia kula mwezi ujao anagawa maji?"

Niliacha jembe palepale nikakimbia. Mkewe alikuwa uani. Aliniambia kaka amempa mtoto mkubwa koti lake la pekee, na asubuhi hiyo yeye mwenyewe ameonyeshwa mahali kaka anapoweka karatasi za shamba. Nikaingia, nikakaa karibu yake kitandani. Sikujua namna ya kuzunguka, nikamuuliza moja kwa moja.

"Kaka, unataka kufa?"

Alitazama mikono yake. "Nimechoka, mdogo wangu. Nikilala nachoka, nikikaa nachoka. Naona nikiondoka mtapumua."

"Hatutapumua," nilisema. "Na leo sikuachi."

Tulimpeleka hospitali siku hiyohiyo, mkewe upande mmoja, mimi upande mwingine. Daktari aliuliza juu ya usingizi, chakula, hasira, mambo aliyoyapenda akayaacha, vitu alivyogawa. Kila swali nililijibu mimi. Nilikuwa nimeyaona yote kwa miezi minne. Nilisomea kutambua ugonjwa wa viazi kwa doa la jani moja, na katika darasa letu hakuna aliyenishinda. Daktari aliita ugonjwa wa kaka sonona, akasema una dawa, ila mgonjwa asiachwe peke yake.

Wiki zile nilishinda hospitali, zamu yangu na ya kaka zikipita bila mtu wa kufungua. Koliflawa zangu zingekauka, na mahindi ya kaka pia, lakini walewale walionicheka walinikopesha zamu zao. Zamu tisa, za watu watano. "Kaa na kaka yako," alisema yule jirani. "Hivyo vidudu vyako vyeupe tutavinywesha, ingawa sijui hata vinaliwaje."

Kaka alirudi nyumbani akiwa bado mzito, akimeza dawa huku amekunja uso. Nilimwamkia kila asubuhi, naye akanyanyua mkono. Siku moja akaitikia: "Marahaba." Halafu akatazama nyuma yangu. "Na mfereji ndiyo umeuacha mchafu hivyo?" Sijawahi kufurahia kugombezwa kama siku ile.

Nikaanza kulipa. Zamu yangu ilipofika nilimfungulia mwingine, huku matuta yangu yakigeuka manjano. Wa mwisho alikuwa yule jirani. Asubuhi hiyo kaka alichukua jembe lake, akanifuata hadi bwawani, na kabla sijainama akafungua yeye.

Tulisimama tukiyatazama maji yakiteremka. Baadaye sauti ikapanda kutoka chini: "Bwana shamba wa karatasi! Yamefika!"

"Umemaliza wote?" kaka aliuliza.

"Nimemaliza."

Akapangusa jembe kwa kiganja, akaliweka begani. "Basi ya kesho ni yangu," alisema. "Usiiguse."